Miaka Yote Hiyo Kusomea Choo?

Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, kwa hiyo neno la mjomba halipuuzwi. Wangu alikuwa mkulima wa kabichi na njegere kule Nyandira, juu Mgeta, na alipoambiwa kwamba nakwenda Dar es Salaam kusoma shahada ya maabara aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, miaka yote hiyo kusomea choo?"

Hakuwa na nia mbaya. Zahanati aliyoizoea ilikuwa na kijana mmoja mwenye darubini, aliyekuwa akitoboa watu vidole asubuhi na kuwagawia vikopo, na kijana yule hakuwa na shahada yoyote. Siku hizi swali lilelile naulizwa na wasomi, kwa lugha ya kisomi: kama mashine inanyonya damu yenyewe, inahesabu yenyewe na kutoa karatasi yenyewe, huyo mwenye shahada amekaa pale kufanya nini? Kazi yangu naifanya hapa Morogoro mjini, na kila mwaka napokea wanafunzi wanaokuja field. Hata wao swali hilo wanalo, ila wanaona haya kulitamka mbele ya msimamizi.

Mimi huwaambia kwamba kupima kwenyewe ni sehemu ndogo ya masomo. Kinachokuweka chuoni muda wote huo ni kujifunza wakati gani usiyaamini majibu uliyoyatoa kwa mkono wako.

Kwanza njia yenyewe, maana wazazi wengi hawaijui. Fani hii kwetu ina ngazi. Wa astashahada ni mteknolojia msaidizi. Wa stashahada ni mteknolojia wa maabara, na hawa ndio wanaobeba vituo vya afya na hospitali za wilaya mabegani mwao, shukrani wakipata kidogo. Juu yao kuna wa shahada. Aliyetoka kidato cha sita anaingia kwa fizikia, kemia na biolojia. Mwenye stashahada anaweza kuingia kwa sifa linganishi, na kwa ninavyowaona mimi hao ndio wanaong'ara, kwa sababu wameshazoea harufu ya kazi na wanachotafuta sasa ni sababu zake. Shahada ya maabara za tiba inatolewa Muhimbili, chuo ambacho mizizi yake ni shule ya udaktari iliyoanzishwa 1963. Inatolewa pia KCMC kule Moshi na Bugando kule Mwanza. Ukimaliza, kuna mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini, ndipo uitafute leseni ya Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya.

Mwaka wa kwanza haufanani na ulichokitarajia. Umejaza fomu ukiwaza darubini, unakutana na anatomia, fiziolojia na baiokemia, tena ukumbi mmoja na wa udaktari. Baiokemia ndiyo inayogawa sapu. Nimeona watu wakidisko kwa ajili yake, na nimeona bumu la mwezi likiishia kwenye kudurufu madesa. Darubini inakuja baadaye, na ikija inakuja na kila kitu: chembe za damu, vimelea, bakteria, kinga ya mwili, kemia ya damu na mkojo, vinyama vinavyokatwa wembamba kuliko karatasi kutafuta saratani, na uongezaji damu, ambao ndio somo pekee ambalo mwalimu hana utani nalo hata kidogo. Kosa la kundi la damu linaua mtu kitandani huku nduguze wanatazama.

Lakini niichukue slaidi ya malaria, kwa sababu kila Mtanzania anadhani anaijua. Tone nene la damu linatandazwa kwenye kioo na kuachwa likauke lenyewe. Ukiliharakisha kwa moto umeliharibu. Halafu inakuja rangi ya Giemsa, iliyochanganywa kwa maji yenye pH ya 7.2. Kwa nini 7.2, na maji ya bomba yapo hapo kwenye sinki? Mwanafunzi wa astashahada anaambiwa atumie 7.2 na anatumia. Wa chuo kikuu anatakiwa aeleze kwamba maji yakiwa na tindikali rangi inapotoka, kile kiduara cha bluu chenye nukta nyekundu kinafifia, na wewe unaapa kwamba hujaona kitu. Rangi ikiwa chafu, mabaki yake yanakaa juu ya kioo kama nukta, na hapo unaweza kumpa mtoto wa watu malaria asiyokuwa nayo.

Ukishaweka mafuta na kushusha lenzi ya 100, hutazami eneo moja au mawili ukaandika. Unapita maeneo 100 kwanza, moja baada ya jingine, kabla hujathubutu kuandika kwamba hakuna vimelea vilivyoonekana. Na ndivyo tunavyoandika: havikuonekana. Hatuandiki kwamba mgonjwa hana malaria, maana hilo hatulijui. Vikionekana, unavihesabu dhidi ya chembe nyeupe 200. Vimelea 50 kwa chembe nyeupe 200, ukichukulia kwamba mtu ana chembe nyeupe 8,000 kwa kila maikrolita ya damu, ni vimelea 2,000. Kesho yake daktari akirudia kipimo akakuta 200, anajua dawa inafanya kazi.

Sasa nenda mtaani, Kihonda au Mafiga, usikilize watu. "Nimekutwa na malaria tatu." "Mimi nilikuwa na malaria moja, ila na taifodi kidogo." Zile malaria moja, mbili na tatu ni mabaki ya mtindo wa zamani wa kuandika alama za kujumlisha. Mtindo ule ulikuwa hovyo kwa sababu malaria mbili ilichukua kila kitu kuanzia vimelea 11 hadi 100 katika maeneo 100 ya darubini, yaani mgonjwa angeweza kupungukiwa vimelea karibu mara tisa na karatasi yake isibadilike. Ndiyo maana tunahesabu. Bado wapo wanaoandika misalaba, na mgonjwa akiipata anafurahi, kwa sababu anaielewa kuliko namba.

Hiyo taifodi kidogo inanikera zaidi. Kipimo cha Widal, kinachowapa watu taifodi nchi nzima, ni cha mwaka 1896. Hakitafuti bakteria, kinatafuta askari wa kinga waliotengenezwa kupigana na bakteria, na katika nchi kama yetu mtu anaweza kuwa na askari hao kutokana na ugonjwa aliougua zamani, au chanjo, au bakteria wengine wanaofanana na wale. Kipimo kimoja cha Widal kwa mtu mwenye homa hakikuambii kitu cha kutegemea. Njia ya kuaminika ni kuotesha damu, ambayo inahitaji siku kadhaa, vifaa na mtu aliyesoma. Duka la dawa lenye kimeza nyuma ya pazia halina hata kimoja. Lakini Widal ni rahisi, inalipa, na mteja haondoki mikono mitupu.

Somo ambalo wanafunzi wangu wanalidharau mpaka wanapofika huku ni lile la mambo yanayotokea kabla sampuli haijagusa mashine. Chuoni linaonekana la kuchosha: mpangilio wa mirija, kofia ya zambarau kwa hesabu ya damu, ya kijivu kwa sukari, andika jina, andika saa. Makosa mengi ya maabara duniani hutokea hapo. Ukitaka kuyaona kwa macho, tazama sampuli inayoshuka kutoka milimani.

Damu imetolewa saa mbili asubuhi juu Mgeta. Inapanda bodaboda, inashuka kona za Uluguru hadi Sangasanga inapokutana na lami, na kama mvua imenyesha muulize mwenye pikipiki atafika saa ngapi. Ndani ya mrija chembe za damu hazijafa. Zinaendelea kula sukari, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa ikiwa mrija si ule wa kijivu na damu haijazungushwa kutenganishwa. Mtu aliyekuwa na sukari ya 5.0 alipotolewa damu, baada ya saa nne anasomeka kama 3.9. Wakati huohuo zile kona zimezitikisa chembe nyekundu, baadhi zimepasuka, na potasiamu iliyokuwa ndani imemwagika. Mashine ya mjini inapima na kutoa karatasi safi: sukari iko ukingoni kushuka, potasiamu juu, moyo uko hatarini. Daktari akiifuata karatasi ile anaanza kutibu safari ya pikipiki.

Mashine haijakosea chochote. Imepima kilichomo kwenye mrija. Mwenye shahada ndiye anayetakiwa auinue mrija, aone majimaji ya juu yamekuwa na wekundu, atazame saa iliyoandikwa, apige simu juu na kusema, "Shikamoo dada, hii sampuli siitoi, nitoleeni nyingine." Dada wa zahanati hatafurahi. Mgonjwa atauliza kama damu yake imeuzwa, swali ambalo tunaulizwa mara nyingi na wazee, nasi tunalijibu kwa upole kila mara: mililita 4 bibi, hazijai hata kijiko kimoja cha chai.

Mwanafunzi aliyekulia milimani ana faida yake. Nyandira kuna baridi, na kimelea cha malaria hakikui vizuri ndani ya mbu joto likishuka chini ya nyuzi 18. Homa ya mtu wa juu kabisa ambaye hajashuka bondeni ni lazima ikufanye uulize maswali zaidi kabla ya kuridhika na malaria. Hunywa maziwa ya mbuzi? Huyachemsha? Mgeta ina mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei walioletwa kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) mwishoni mwa miaka ya 1980, neema kubwa kwa watoto wa kule. Ila maziwa mabichi ya mbuzi yeyote duniani yanaweza kubeba brusela, na homa yake inaweza kuja na kuondoka hivi kwamba mtu akatibiwa malaria mwaka mzima.

Nikishaanza habari za SUA siwezi kuwapita panya. Tangu mwaka 2000 shirika la Apopo, lililoanzishwa na Wabelgiji, linafundisha panya buku pale chuoni, chini ya mlima. Wengi wanawajua kwa kunusa mabomu ya ardhini. Magawa, panya mzaliwa wa huku, alipewa nishani ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Mimi nawahusudu wenzake waliobaki nyumbani wakinusa makohozi. Vituo vya afya vinapeleka sampuli za watu wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu, zile zilizokwishapimwa kwa darubini. Zinapashwa joto mpaka vijidudu vife, zinapangwa chini ya matundu, na panya anapita tundu kwa tundu. Akinusa kifua kikuu anasimama na kukwaruza. Panya mmoja anamaliza sampuli 100 kwa dakika 20. Binadamu anayesoma slaidi 25 kwa siku, na ukimzidishia anaanza kupitisha wagonjwa, anahitaji siku nne.

Huwa nawapeleka wanafunzi pale kila nafasi ikipatikana, na wakishamaliza kupiga picha nawaambia watazame lini panya anapewa chakula. Hapewi kila anaposimama, kwa sababu mfundishaji mwenyewe hajui kama sampuli ngeni ina ugonjwa. Anapewa akisimama penye sampuli ambazo tayari zinajulikana zina ugonjwa, zilizochanganywa humo kwa makusudi. Akizipita hizo, siku hiyo pua yake haiaminiwi. Na sampuli aliyoionyesha yeye peke yake haitangazwi kuwa kifua kikuu mpaka mtu wa maabara aithibitishe kwa kipimo kingine. Kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza sisi nasi tunaipitishia mashine yetu sampuli ambayo jibu lake tunalo mfukoni. Ikitoa jibu jingine, dirisha linachelewa kufunguliwa na watu wananung'unika kwenye benchi. Waache wanung'unike.

Apopo wenyewe wanasema kwamba panya wameongeza wagonjwa waliogunduliwa katika vituo wanavyoshirikiana navyo kwa karibu asilimia 40. Maana yake ni kwamba watu wengi walikuwa wameambiwa hawana kifua kikuu, wakarudi nyumbani kukohoa kitanda kimoja na watoto. Darubini haikuona. Mwenye darubini aliyefundishwa vizuri anajua kwamba darubini yake ina mpaka, na akiona mgonjwa anaendelea kukonda atatafuta njia nyingine badala ya kuitetea karatasi yake.

Mwezi Julai 2022 nchi nzima ilipata somo hilo bila kulipa ada. Kule Ruangwa, mkoani Lindi, watu walianza kuugua homa, kichwa na uchovu, wengine wakitokwa damu puani. Mitaani zikaanza hadithi. Sampuli zikapimwa Ebola, hakuna. Marburg, hakuna. Uviko, hakuna. Hapo mtu mvivu angefunga faili. Waliendelea kutafuta mpaka wakakuta leptospira, bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwamo, na wizara ikatangaza homa ya mgunda: wagonjwa 20, vifo 3. Ni ugonjwa unaotibika kwa dawa za kawaida za kuua bakteria ukiwahiwa. Hapa Morogoro jina hilo halikuwa geni kwa watu wa fani, maana watafiti wa panya wa SUA wamekuwa wakiufuatilia ugonjwa huo kwa miaka mingi, wakati wengine wetu tukiwacheka kwa kuhangaika na panya. Mwaka uliofuata Marburg ilikuja kweli, Kagera, na ilithibitishwa kwa sababu kulikuwa na maabara ya taifa iliyoweza kuisema kwa jina.

Kuna jambo moja linalowachanganya vijana wa hapa, nami naletewa barua zao za udahili karibu kila mwaka. SUA ina shahada ya bayoteknolojia na sayansi za maabara. Ni shahada nzuri, iliyokulia upande wa tiba ya mifugo, na wanaoimaliza wanaijua maabara vizuri. Lakini kabla hujaijaza fomu ukidhani ndiyo ileile ya Muhimbili kwa kuwa nyumbani ni karibu na nauli ni ya daladala, waulize Baraza kama itakupa leseni ya kupima binadamu. Uliza hivyohivyo kwa chuo chochote, kikubwa au kidogo, cha serikali au cha binafsi. Kuna mzazi mmoja aliuza shamba la migomba Kinole kwa ajili ya ada, akaja kwangu na mtoto keshafika mwaka wa pili ndipo anauliza swali hilo. Wakati huo nilikuwa sina la kumsaidia zaidi ya namba za simu.

Ajira nazo nisizipambe. Wahitimu wanakaa nyumbani huku zahanati zikikosa mtu, na mkanganyiko huo siyo wa chuo kuutatua. Wengine wanafungua maabara binafsi kwa usajili halali, wengine wanaingia kwenye utafiti, hasa Ifakara, ambako maabara iliyoanzishwa na Waswisi katika miaka ya 1950 imekuwa taasisi inayojulikana duniani kwa malaria. Mshahara wa serikali ukija haukutajirishi.

Wewe usiye mwanafunzi, ukienda kupima uliza ni kipimo gani kimefanyika na uombe karatasi yako uondoke nayo. Ukiambiwa una taifodi, uliza imepatikana kwa Widal au kwa kuotesha damu. Mtaalamu wa kweli hatakasirika.

Na wewe unayekuja field mwaka huu, Muhimbili au Moshi au popote utokapo: koti jeupe lako mwenyewe, viatu vilivyofunika vidole, ndala haziingii maabara. Chanjo ya homa ya ini B ina dozi tatu na inachukua miezi sita kukamilika. Anza sasa, sindano za watu hazikusubiri.